Ukitaka kuwa tabibu kando ya ziwa: kutoka kidato cha nne hadi zahanati ya kisiwani

Mgonjwa wa kwanza niliyempokea nikiwa peke yangu zahanatini, kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria mkoani Mwanza, alikuwa mzee wa makamo. Alinitazama kichwa hadi miguu, akauliza, "Nesi, daktari anakuja saa ngapi?" Nikamjibu, "Shikamoo baba. Ndiye mimi." Akaitikia marahaba, akakaa, ila alikaa upandeupande kama mtu anayesubiri daladala. Leo watu wa kisiwa hikihiki wananiita daktari bila kuuliza, ingawa kwa cheti mimi si daktari. Mimi ni tabibu.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hujaa. Mama mdogo wa Magu anauliza kwa ajili ya mwanawe, kijana wa Igoma anauliza kwa ajili yake mwenyewe, na swali ni lilelile: utabibu unaingiaje, na ukishaingia unafanya nini hasa? Nimekuwa nikijibu vipandevipande kwa ujumbe wa simu. Hapa najibu mara moja.

Ujue kwanza unaomba nini

Makoti meupe ni mengi. Muuguzi ana chuo chake na baraza lake. Mteknolojia wa maabara ana njia yake, na mfamasia vilevile. Daktari wa shahada amesoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Tabibu ana stashahada ya miaka mitatu. Miaka hiyo imepangwa kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za kitaifa za ufundi: ya 4, ya 5 na ya 6, kila moja mwaka mmoja. Aliyeishia ngazi ya 5 ni tabibu msaidizi. Ushauri wangu ni kutoishia hapo kama kuna namna yoyote ya kupata ada ya mwaka wa tatu, kwa sababu milango mingi ya ajira na ya kusoma zaidi inaanzia kwenye stashahada.

Kazi yenyewe ni kumsikiliza mgonjwa, kumpima, kutambua ugonjwa, kuandika dawa, kushona majeraha, kupasua majipu, na kumpa rufaa anayezidi uwezo wako. Katika zahanati nyingi za vijijini tabibu ndiye pia mganga mfawidhi. Maana yake dawa zikiisha unaulizwa wewe, choo kikiziba unaulizwa wewe, na diwani akija kukagua unaulizwa wewe.

Shika pia ngazi za huduma. Kuna zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure. Juu yake ipo Bugando, ile iliyokaa kilimani ambayo ukiwa kwenye kivuko unaiona kabla hujafika bandarini. Hiyo ndiyo hospitali ya kanda nzima ya ziwa. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuamua nani apandishwe ngazi hizo, na apandishwe saa ngapi.

Hatua ya kwanza: angalia cheti chako kwa macho mawili

Ili uingie stashahada ya utabibu unatakiwa uwe na ufaulu wa angalau D nne kwenye mtihani wa kidato cha nne, na kati ya hizo ziwemo Fizikia, Kemia na Baiolojia. Masomo ya dini hayahesabiwi. Hisabati na Kiingereza vinatajwa kama nyongeza nzuri tu, na hapo ndipo vijana wengi wanapojifunga bila kujua.

Siku moja utataka kusoma udaktari. Tabibu mwenye stashahada anaruhusiwa kuomba shahada hiyo, chuo kikuu cha afya cha CUHAS pale Bugando au kwingineko, bila kupita kidato cha sita. Lakini TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi, halafu inarudi kukagua cheti chako cha kidato cha nne: sayansi zote tatu, pamoja na D ya Hisabati na D ya Kiingereza. Mwenzangu mmoja tuliyesoma darasa moja alikuwa akiongoza kila muhula. Alipotaka kuendelea, F ya Hisabati ya miaka saba nyuma ilimsubiri mlangoni. Ikabidi mtu mwenye watoto wawili akakae kwenye chumba cha mtihani na watoto wa shule. Kama una F hiyo, jisajili mtahiniwa wa kujitegemea mapema, hata kabla hujaanza chuo.

Hatua ya pili: chagua chuo kwa kuangalia wodi

Udahili wa vyuo vya afya unasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kila mwaka hutolewa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha vyuo vilivyosajiliwa, kozi zake, ada na sifa za kuingia. Kisome mwenyewe. Fanya maombi kwa mkono wako, au kaa pembeni ya anayekujazia pale stationari. Kila msimu kuna "kaka mwenye mtu wizarani" anayepokea fedha za wazazi kwa ahadi ya nafasi, na mzazi akimpigia baadaye simu haipokelewi.

Ukishapata orodha ya vyuo unavyovimudu, usidanganywe na jengo la ghorofa lenye vioo. Uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, wako wangapi, na hospitali hiyo inapokea vyuo vingapi kwa pamoja. Tabibu hatengenezwi na projekta. Chuo chenye madarasa ya mabati kilichoshikamana na hospitali yenye foleni ndefu kinaweza kukufaa kuliko chuo kizuri ambako wanafunzi ishirini wanazunguka kitanda kimoja na mgonjwa anajifunika shuka usoni.

Kuhusu mkopo, usipige hesabu ya ada ukiutegemea kabla hujasoma mwongozo wa HESLB, bodi ya mikopo, wa mwaka huo, kwa sababu si kila stashahada ya afya imo kwenye orodha yao.

Hatua ya tatu: miaka mitatu ya chuo

Mwaka wa kwanza ni mifupa, misuli, vijidudu na dawa. Wa pili ni magonjwa yenyewe: ya watu wazima, ya watoto, upasuaji, uzazi. Wa tatu uko wodini zaidi kuliko darasani, unajaza logibuku, daftari la kazi ulizofanya kwa vitendo, na kumfuata daktari anayezungusha raundi. Mitihani ya vitendo ni ile ya vituo: kengele inalia, unahama meza, kila meza ina mgonjwa au kazi nyingine. Wanaofeli vituo mara nyingi si wasiojua. Ni waliokariri bila kuzoea kugusa watu.

Nunua mapema stetoskopu yako, kipimajoto, tochi ndogo na futi kamba. Muhimu kuliko vyote nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Saa ya elfu chache pale Makoroboi inatosha. Simu si mbadala wake. Mama mwenye mtoto mgonjwa akikuona umeshika simu anajua unachati, hata kama unahesabu.

Chanja homa ya ini B kabla hujaingia wodini. Ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya baada ya miezi sita kutoka ile ya kwanza. Ukisubiri mwaka wa tatu utakuwa umeshachelewa.

Hapo nina kisa changu. Nikiwa mwaka wa mwisho, usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilijichoma sindano niliyokuwa nimetoka kumtolea mgonjwa damu. Niliogopa kusemwa. Nilikuwa nimeifunika sindano kwa mikono miwili, jambo tulilokatazwa tangu wiki ya kwanza. Nikanawa, nikanyamaza, nikaenda kulala, na usingizi haukuja. Kesho yake mchana muuguzi mmoja mtu mzima aliniona nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Mwanangu, umefiwa?" Nilipomweleza hakunisema hata neno. Alinishika mkono akanipeleka CTC, kliniki ya watu wenye VVU. Dawa za kukinga VVU baada ya kujichoma zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Unazimeza siku 28. Nilizimaliza, nikapimwa, nikawa salama. Wewe ukijichoma, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye kidonda, na uende muda uleule. Aibu ipangie siku nyingine.

Jambo jingine la chuoni ni lugha. Tunasomeshwa kwa Kiingereza, tunatibu kwa Kiswahili, na ukivuka Kisesa kuelekea vijijini utatibu kwa Kisukuma. Kisiwani ongeza Kikerewe na Kijita. Tengeneza daftari lako la maneno ya wagonjwa. Mmoja akisema "kichomi" anamaanisha nimonia, mwingine anamaanisha tu kwamba ubavu unachoma. "Malaria" kwa watu wengi ni homa yoyote ile. "Mchango" unaweza kuwa minyoo, maumivu ya hedhi au jambo ambalo bibi yake ndiye anayelijua. "Degedege" ni mtoto kukakamaa na kutupa macho juu, na familia nyingi huamini sindano itamuua, hivyo humpeleka kwanza kwa mganga wa jadi. Usibishane na jina. Uliza, "Mama, kwa macho yako uliona nini? Kilianza lini? Kililegea kikarudi tena?" Jina la ugonjwa utaliweka wewe baadaye.

Hatua ya nne: leseni, halafu kusubiri

Ukihitimu huruhusiwi kutibu mpaka uwe umeandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kupewa leseni. Leseni huhuishwa, na Baraza linataka kuona umeendelea kujifunza, kwa hiyo cheti cha kila semina kitunze hata kama chakula kilikuwa kibaya. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha kidato cha nne na cha chuo. Herufi moja iliyokosewa inaweza kukugharimu mzunguko mzima wa ajira.

Ajira za serikali hutangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kupitia TAMISEMI. Kusubiri kunaweza kuwa kurefu, sikufichi. Wakati unasubiri, waweza kujitolea kwenye kituo cha serikali, kuomba hospitali za mashirika ya dini, au kuingia kwenye mradi wa VVU au malaria kwa mkataba. Zahanati za watu binafsi nazo zinaajiri, na baadhi ni nzuri.

Yangu ya kwanza haikuwa nzuri. Mwenye zahanati alikuwa mfanyabiashara, na kila jioni alihesabu vipimo. Kila mwenye homa alipaswa kupimwa Widal, na kwa mshangao wa Mungu karibu kila mtu alitoka na taifodi, akaandikiwa sindano za siku tano. Kipimo hicho kikichukuliwa mara moja tu hakitoshi. Kinaona kinga iliyobaki mwilini hata kutokana na maambukizi ya zamani, na katika eneo lenye homa za aina nyingi kinadanganya sana. Wagonjwa nao wamezoea. Wanaingia wakitaja Powercef, sindano ya antibiotiki, kwa jina kama wanaagiza soda. Nilikaa miezi minne. Ukijikuta mahali kama hapo, andika kwenye faili unachokiamini wewe, kwa sababu sahihi iliyo chini ni yako na leseni inayofungiwa ni yako. Huku nyuma tafuta pa kwenda.

Hatua ya tano: chumba namba moja

Sasa umepangwa. Kuna mvua, foleni imefika mlangoni, na muuguzi wako yuko leba. Unaanzaje?

Unaanza na salamu. "Mwangaluka, mayu" asubuhi humfungua mama wa Kisukuma kuliko swali lolote la kitabuni. Mkubwa kwako mpe shikamoo hata kama una haraka. Kisha nyamaza umsikilize. Mgonjwa akiachwa aseme bila kukatizwa humaliza upesi kuliko tunavyoogopa, na jambo lililomleta hasa mara nyingi hulisema mwishoni, akiwa amesimama anashika kitasa: "Na tena daktari, kuna kitu kidogo…" Mwambie akae tena.

Kwa mtoto, kabla ya kuuliza chochote kirefu, tafuta dalili za hatari. Je, anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hazinduki? Moja tu ikiwepo, mtoto huyo anaruka foleni. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na nguo imepandishwa kifuani. Mwenye umri chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hiyo ni pumzi ya haraka. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, mtoto aliyegeuka kidogo tu anakupa jibu la uongo. Ndiyo maana nilikuambia ununue saa.

Homa ipime malaria kwa kipimo cha haraka, na usome majibu kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, wala usiyasome mapema kwa sababu foleni inanung'unika. Ikiwa chanya bila dalili za hatari, dawa mseto ya ALu hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa dozi, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, na kuanzia kilo 35 vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Mwambie anywe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mpe dozi ya kwanza mbele yako na umweke nusu saa, maana akitapika anarudia. Ikiwa hasi, usimpe "kwa usalama". Tafuta kinachosababisha homa: masikio, koo, mkojo, kifua, ngozi.

Kichocho nakiweka peke yake kwa sababu ziwa hili ni lake. Kuna kichocho cha namna mbili, na jiografia inakusaidia kukisia. Ukiwa Misungwi, Kwimba au ndani ndani huko kwenye malambo na mashamba ya mpunga, utaona vijana wenye damu kwenye mkojo. Mwambaoni na visiwani kuna kile cha tumbo, ambacho konokono wake wanaishi kwenye maji ya ziwa lenyewe. Hiki hakitoi mkojo mwekundu, kwa hiyo hakimshtui mtu. Tumbo linakata, choo kina damu kidogo, miaka inapita. Mayai yanakwama kwenye ini, ini linakuwa gumu, bandama linavimba, na mishipa ya damu ya koo la chakula inatuna. Halafu siku moja kijana wa miaka thelathini, mvuvi, mwenye mabega mapana, anatapika damu beseni zima.

Matabibu wageni huandika vidonda vya tumbo. Ukiona mtu wa mwaloni, ufukweni wanakopakulia samaki, anatapika damu, mlaze, pitisha vidole vyako chini ya mbavu za kushoto utafute bandama. Ukilikuta, huyo si wa kulala zahanatini hata saa moja zaidi ya inayohitajika kumwekea dripu na kupata chombo. Anahitaji damu na anahitaji kamera ya tumboni, na hivyo viko ng'ambo. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, huua minyoo, lakini makovu ya ini yaliyokwisha kuwekwa haiyaondoi. Kwa hiyo mpe mapema yule anayelalamika tumbo leo, ale kwanza, na umweleze kwamba akirudi majini anaweza kuambukizwa tena. Usimwambie mvuvi asiingie ziwani. Atakucheka, na ana haki.

Jifunze pia kumtambua mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu kanda ya ziwa wapo wengi. Vidole vya mikono na miguu vilivyovimba na kuuma kwa mtoto mdogo, upungufu wa damu unaorudi kila baada ya miezi, macho ya njano. Mama atakuambia tayari kaongezewa damu mara tatu na hakuna aliyemwambia ni nini. Mwandikie akapimwe. Familia nyingi zimegombana na majirani kwa sababu ya jibu ambalo maabara ingelitoa.

Na uijue kalenda ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi mpevu ukitoka taa hazina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kunywa. Siku hizo ndizo za kwenda mwaloni na vipimo vya VVU, kondomu na dawa. Ukipanga kliniki ya mkoba usiku wa giza utakuta mama lishe na mbwa. Mvuvi anayetumia ARV, dawa za VVU, anahama kambi kufuata samaki, leo Irugwa, mwezi ujao Kome. Kabla hajaondoka, hakikisha ana dawa za kutosha na kadi yake ya CTC, na mwambie kituo atakachokikuta aendako. Muite pembeni. Kambini siri haina mlango.

Hatua ya sita: kumtoa mgonjwa kwa wakati

Mwenzako wa Sengerema siku hizi ana daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, na gari lake la wagonjwa halisubiri tena kivuko. Wewe wa kisiwani una ziwa. Ziwa lina saa zake. Usiku dhoruba za radi huzuka ghafla, na nahodha mwenye akili hataki kutoka. Mgonjwa anayeondoka saa nane mchana ana nafasi ambayo yule wa saa nne usiku hana, hata kama ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo kila siku, ikifika saa saba mchana, mimi napita kwa kila niliyemlaza na kujiuliza: huyu akizidiwa usiku, nitamjutia?

Nina ninayemjutia. Mtoto wa miezi tisa, pumzi 64, ananyonya kwa kusuasua. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama yake alisema, "Dada, baba yake anarudi kesho asubuhi, siwezi kuvuka bila yeye kujua." Nikamwelewa, nikampa sindano, nikasema tuone. Usiku wa manane kifua kilianza kubonyea kila anapovuta hewa, ziwa likiwa limechafuka. Tulivuka alfajiri nikiwa nimemshika mwenyewe. Alipona. Lakini kunyonya kwa kusuasua nilikuwa nimekuandika kwa mkono wangu kwenye kadi, saa tisa, kisha nikasema tuone. Siku hizi baba akiwa hayupo nampigia simu mwenyewe, nikimkosa namwita mwenyekiti wa kitongoji au shangazi, mtu yeyote ambaye neno lake litamtoa mama nyumbani bila ugomvi.

Kabla ya chombo kuondoka, tibu kwanza. Malaria kali: dozi ya kwanza ya artesuneti, na kwa mtoto wa chini ya miaka sita usipoweza kuchoma, ile ya kuweka njia ya haja kubwa. Kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti. Mtoto aliyelegea: sukari, na umfunike asipate baridi ya ziwa. Andika barua inayosema umeona nini, umempa nini, kiasi gani na saa ngapi, kwa mwandiko ambao mtu aliyechoka anaweza kuusoma. Piga simu unakompeleka. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115, ndiyo namba ya m-mama, haina malipo. Mfumo huo ulijaribiwa mapema hukuhuku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla haujasambaa, na unaweza kukutafutia gari au boti pale gari la wagonjwa halipo.

Wote mvae maboya, pamoja na wewe na ndugu wa mgonjwa. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, sijaona mtu wa Ukerewe anayelibishia hilo.

Hatua ya saba: vitabu

Jaza MTUHA, vitabu vya taarifa za huduma za afya, siku hiyohiyo. Kitabu cha 5 ni wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito, cha 7 watoto, cha 12 leba. Ukiacha hadi mwisho wa mwezi utabuni, na dawa utakazoletewa na Bohari ya Dawa zitafuata ubunifu wako. Umeandika malaria kumi kwa sababu umesahau thelathini, basi usilalamike ALu ikiisha tarehe kumi na tano. Stoo ihesabu mwenyewe kila wiki, na ufunguo uwe na daftari la kusaini.

Ukipokea kituo kutoka kwa aliyekutangulia, hesabuni pamoja kabla hajapanda kivuko. Hata kama ni rafiki yako.

Mwisho, bandika karatasi ukutani, nyuma ya meza, mahali muuguzi na mlinzi wanaweza kuiona usipokuwepo. Iwe na 115, simu ya zamu ya kituo cha afya kilicho karibu, ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na ya manahodha wawili, maana mmoja atakuwa amelala au ameenda kuvua. Chini yake andika jina la mwenye duka anayeuza petroli usiku, na jina la mtoto wake anayejua dumu linapowekwa.